Nilistaafu nikarudi nyumbani, baada ya miezi 14 nikaondoka tena

Mkuu, umeuliza: miaka 30 uko Uingereza, pensheni inakaribia, watoto wamekulia huko huko, urudi nyumbani au ubaki? Mimi nilirudi. Nilikaa miezi 14, sasa niko ughaibuni tena. Maisha ya nyumbani hayakunishinda, ila hesabu niliikosea.

Miaka yote nilikuwa nakwenda likizo. Wiki tatu, sebule inajaa watu, kila mtu ana muda na mimi. Nikadhani hayo ndiyo maisha yenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipostaafu siku ya tatu ikafika, jembe sikupewa. Mambo ya ukoo yalishapata wenyewe. Ugomvi unasuluhishwa na mdogo wangu, wagonjwa wanaangaliwa na dada. Nikitoa wazo wananisikiliza kwa adabu, kisha wanaendelea na lao. Simu yangu iliita pesa zilipohitajika tu. Siwalaumu, ndivyo nilivyowazoesha mwenyewe kwa miaka 30. Mke wangu aliliona mapema, akanyamaza (anajua nilivyo mbishi), akawa anahesabu miezi mpaka awaone wajukuu.

Upande wa makaratasi, soma kabla hujakata tiketi. Pensheni ya serikali ya Uingereza utalipwa popote ulipo, lakini nyongeza ya kila mwaka wanaipata walioko Uingereza kwenyewe, Ulaya, na nchi chache zenye makubaliano nao. Kwingine kote kiwango kinaganda pale ulipoanzia. Ukianza na miaka 66 ukaishi mpaka 86, utakuwa unapokea kiasi kile kile huku bei zikipanda. Kama huna uraia, una kibali cha ukaazi wa kudumu tu, ukikaa nje mfululizo zaidi ya miaka 2 kwa kawaida kinakufa. Na matibabu ya bure yanafuata makazi, si pasipoti. Ukishahama, ukija kutembea ukalazwa, unaweza kuletewa bili hata kama ni raia. Hili wengi hawaliamini mpaka liwakute.

Kilichoniokoa ni kwamba nyumba sikuiuza, niliipangisha. Mwenzangu mmoja aliuza yake, akajenga nyumbani, sasa hana pa kurudi hata akitaka. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningekwenda mwaka mzima bila kuuza kitu, ningepanga nyumba ya kawaida, ningeugua malaria yangu huko huko nione nani anakuja. Na kabla ya hapo ningemuuliza mwenzangu wa ndoa anataka nini, si kumtangazia.

Sisi tumeamua kwenda miezi minne kila mwaka. Safari iliyopita nilimwomba mdogo wangu anipe kazi moja tu ya ukoo. Kaniachia kesi ya mpaka wa shamba. Nimeisikiliza na kuitolea uamuzi, ila mpaka leo hajaniambia kama umefuatwa.