Rayyan: maana yake na jinsi ya kuliandika

Umeuliza maana ya jina la mtoto, Rayyan, na jinsi ya kuliandika. Kwa Kiarabu ni aliyekunywa maji hadi kiu ikakatika. Linapendwa kwa sababu ya hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim: Rayyan ni mlango wa Peponi wanaouingia wafungaji peke yao, ndiyo maana linamfaa hasa mtoto wa Ramadhani. Ufaransa nako limeenea, huko huandikwa Rayan.

Ryan la Kiairishi ni jina jingine kabisa, msichanganywe na mtu.

Kwa Kiarabu "y" ya jina hili ina shada, yaani alama ya kukaza herufi, kwa hiyo andika "y" mbili. Muhimu zaidi, tahajia iwe moja tangu cheti cha kuzaliwa. Pasipoti ikitoka na "y" moja, mtahangaika na hati za kiapo.