Ukimuuguza mtu Chennai, toka nje kabla jua halijachomoza

Wiki mbili za mwanzo sikuiona Chennai. Niliona dirisha la chumba cha kupanga, foleni za vipimo, na simu za ukoo mzima zikiuliza mama kaamkaje. Tulikuwa tumempeleka kufanyiwa upasuaji wa moyo, na mimi ndiye niliyebaki naye wiki saba. Najua wengi mnaenda India kwa safari kama hiyo. Mambo ya viza na hospitali mtaelezwa na wengine; mimi nasema yale ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa.

Wakati mgonjwa amelala, shuka mtaani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pale tulipopanga kulikuwa na mwanamke anayefanya usafi kwenye nyumba kadhaa za mtaa ule. Kule dada mkubwa huitwa akka, na ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Akka alikuwa akimwagia maji kizingiti, anafagia, kisha anashika unga mweupe kwa ncha za vidole na kuuacha udondoke kama uzi. Kwanza vitone, safu kwa safu. Halafu mstari unavizunguka vile vitone, unapinda, unajikata, mpaka unarudi ulikoanzia. Pambo hilo huitwa kolam. Hana rula wala hafuti kitu.

Siku ya kwanza kuliona nilikuwa nimeshalikanyaga. Akka alicheka, akachota unga, akaziba nilipoharibu. Ikifika saa nne viatu na pikipiki zimeshalifuta lote, na kesho anaanza upya. Kwa desturi unga huwa wa mchele, ili chungu na ndege nao wapate riziki, ingawa siku hizi wengi hutumia unga wa mawe. Nyumba iliyofiwa haichori. Basi ukiona majirani wote wamechora na kizingiti kimoja ni kitupu, pita kimya.

Sasa kosa langu kubwa. Kona ya mtaa, chini ya mti, palikuwa na mzee na mkewe wakipiga pasi nguo za watu juu ya mkokoteni, kwa pasi ya makaa. Nilimpiga picha kwa mbali nikaitupa kwenye kundi la familia: "Jamani, kumbe hata huku kuna shida." Mjomba akajibu mstari mmoja: "Na wewe ukipigwa picha hivyo pale Ngamiani?" Nilinyamaza. Sisi watu wa Tanga ndio wa kununa mtalii akielekeza kamera kwa watoto wetu wasio na viatu! Kesho yake nikampelekea yule mzee madera na kanga za mama. Baada ya siku tano alikuwa ananivutia kigoda, na mkewe ananiuliza kwa ishara, mkono kifuani, moyo wa mama unaendeleaje. Picha nilikuja kumpiga baadaye, kwa kuombwa na yeye mwenyewe, akiwa amebadilisha shati.

Kwa hiyo simu ikae mfukoni kwanza. Mpelekee mtu kazi, nunua kwake, kaa. Umaskini wa India utauona bila kuutafuta, umelala kando ya barabara, lakini ukiupita mbio na kamera utarudi na uchafu tu kwenye simu.

Chakula kisikusumbue. Tangu 2013 jiji la Chennai lina migahawa ya serikali iitwayo Amma Unavagam. Ilipoanza, idli moja iliuzwa rupia 1 na wali wa sambar, yaani mchuzi wa dengu na mboga, rupia 5. Nilipanga foleni na wafagiaji na madereva wa bajaji, hakuna aliyenishangaa. Idli ni binamu wa kitumbua, ila yeye huiva kwa mvuke.

Hekaluni nendeni, hata kama dini yenu si hiyo. Mimi Mwislamu, nilikwenda hekalu la Kapaleeshwarar pale mtaa wa Mylapore na mtandio wangu kichwani. Mchana hufungwa, kwa hiyo jioni ndiyo wakati mzuri. Viatu unaacha nje (vaa ndara, kamba zitakuchosha). Sehemu ya ndani kabisa ni ya Wahindu peke yao, nawe heshimu hilo, uani panatosha. Juu ya lango kuna mnara wa mita 37 hivi, umejaa sanamu za rangi kali hadi macho yanagoma. Chagua safu moja tu uitazame. Sanduku la sadaka wanaliita hundi, nikacheka peke yangu nikikumbuka benki. Nje wauza yasmini hupima shada kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, basi tafuta muuzaji mwenye mkono mrefu. Nilimnunulia mama, akanusa akasema linamkumbusha vikuba.

Ukipata siku moja ya kupumua, panda basi uende Mahabalipuram, kusini kando ya bahari. Wengi huenda kwa ajili ya jabali kubwa lililochongwa enzi za Wapallava, wafalme wa kusini mwa India, karne ya 7, na kweli tafuteni paka anayejifanya mcha Mungu huku panya wakimsujudia. Lakini mimi nilikwama jirani, kwenye ukumbi wa mawe wa Krishna, mungu wa Wahindu. Humo amechongwa mtu anakamua ng'ombe, na ng'ombe anamlamba ndama wake. Basi. Ukutani pa mahali patakatifu, kazi ya kila asubuhi ya mtu wa kawaida. Nilimfikiria akka na unga wake.

Wiki ya mwisho mama aliweza kushuka ngazi. Tulimwekea kiti mlangoni alfajiri, naye akamtazama akka bila kusema, kama anavyomtazama fundi mwenzake. Mama amesuka mikeka maisha yake yote. Mwishowe akaniambia, "Huyu anasuka ukili, ila wake hauna miyaa." Akka akamnyoshea bakuli la unga. Mstari wa mama ulikatika mara tatu, unga mwingine ukamwagikia dera. Akka hakuufuta. Alizungusha wake pembeni, ule wa mama ukabaki katikati, na wote wawili wakaanza kubishana, mmoja kwa Kitamil na mwingine kwa Kiswahili cha Tanga, vitone vilitakiwa kuwa vingapi.