Asiyeamini Mungu, apewe pishi?

Ndugu yangu wa Wete, unauliza kama kijana asiyeamini Mungu afaa kuwapimia wachumaji karafuu kwa pishi, chombo cha kipimo wanacholipiwa, kwa kuwa "hana cha kumzuia" asipunje. Hapo umechanganya maswali matatu.

La kwanza, ubaya wa kupunja unajulikanaje? Wanazuoni wa Kiislamu walilibishania. Muutazila, kundi moja lao, walisema akili huujua ubaya wa dhuluma hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Ashari, kundi jingine, wakasema jema ni lililoamriwa. Kabla yao Socrates, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliuliza: miungu hulipenda jema kwa wema wake, au huwa jema kwa kupendwa? Ukisema kwa wema wake, basi kipimo hicho hata asiyesali aweza kukisoma. Ukisema kwa kupendwa, itabidi ueleze kama dhuluma ingekuwa halali lau ingeamriwa. Wengi hukwama hapo, nami siwalaumu.

La pili, kinachomsukuma mtu. Khofu ya akhera ina nguvu, lakini haya na huruma nazo zina nguvu yao.

La tatu ndilo lako hasa: tabia ya huyu kijana. Pishi ni vibaba vinne. Mkubaliane ni ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni, au ya tele, iliyorundikwa juu, kisha mtazame mkono. Anayepunja hukitikisa chombo karafuu zishindiliwe, au hurundika juu akaita mfuto. Pima upya pishi tatu alizopima, mbele ya wachumaji, siku usiyomwambia. Na yule mpimaji wako wa zamani, mwenye sijda usoni, mfanyie vivyo hivyo.