Seva yako iende levo siti

Unaandika programu ya seva inayopokea vifaa vingi kwa wakati mmoja? Kikomo cha koneksheni, yaani idadi ya vifaa vilivyounganika kwa pamoja, kiweke mwenyewe. Usipokiweka, Linux, mfumo unaoendesha mashine, itakuwekea: kwenye mashine nyingi programu moja inaruhusiwa kufungua faili 1024, na kila koneksheni inahesabika kama faili. Nafasi hizo zikiisha, kupokea mteja mpya (kifaa kinachotaka kuunganika) kunafeli ila mteja bado yuko foleni, na programu iliyoandikwa kizembe itazunguka kumjaribu bila kupumzika mpaka prosesa ifike asilimia 100. Hapo hata waliokwisha kuingia wanaumia.

Mimi nahudumia vifaa vya kufuatilia malori. Mtandao wa simu ukikatika kisha ukarudi, malori yote kuanzia bandarini hadi Kibaha yanapiga hodi kwa mpigo. Kwa hiyo naenda levo siti, kama daladala isiyobeba wa kusimama: siti zikijaa, mlango unafungwa.

Idadi ya siti isitoke kichwani. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, mipangilio yake isipoguswa inapokea koneksheni 100 tu. Kama kila mteja anashika koneksheni yake huko, kuruhusu 500 mlangoni ni kuhamisha foleni tu.

Kuhesabu ni mistari michache: ongeza moja anapoingia, punguza anapotoka. Shughuli iko kwenye kutoka. Kupunguza kuwekwe pale ambapo patafikiwa hata hitilafu ikimkatiza mteja katikati. La sivyo siti zinapotea mojamoja, na siku moja seva itakataa wateja huku ndani hakuna mtu.

Halafu kuna marehemu. Lori likiingia porini kusiko na mtandao haliagi, na seva inadhani bado lipo. Ukaguzi wa TCP wenyewe (TCP ni utaratibu unaobeba koneksheni hizi), hata ukiuwasha, kwa kawaida Linux inasubiri sekunde 7200, saa mbili nzima, ndipo iulize. Nani ana saa mbili? Vifaa vyangu hutuma taarifa kila dakika. Kikinyamaza dakika tatu nakitoa.

Wengine watakwambia uweke kikomo kwa kila anwani ya IP. Kwa wateja wa simu, sikushauri. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo unaweza kufungia nje watu wasio na kosa. Hesabu kwa namba ya kifaa, kikishajitambulisha.

Na kilichokataliwa kisirudi papo hapo. Kila kifaa kisubiri sekunde za kubahatisha, na muda uongezeke kila kinapokataliwa. Vikisubiri muda uleule, vitarudi pamoja vilevile.