Ukisikia habari ya binti aliyeozwa, anzia nyumbani kwenu

Sisi wanafunzi tuna maoni mengi. Asubuhi ikitoka habari kwamba mtu kahukumiwa kifungo kwa kumpa mimba mwanafunzi, au kwamba harusi ya binti mdogo imezuiwa na mtendaji wa kata, ikifika jioni kila kundi la WhatsApp limeshatoa hukumu yake. Wazazi hawana akili, bodaboda wafungwe wote, mabinti wa siku hizi wana tamaa. Kesho yake tumeshahamia kwenye bei ya mafuta.

Mimi nasoma chuo hapa Tabora mjini, kwetu ni wilaya ya Urambo, kwenye tumbaku. Hili la mabinti kukatishwa masomo siwezi kulihama kirahisi hivyo, kwa sababu waliokatishwa nimekaa nao dawati moja. Na mkoa wetu hautajwi kwa bahati mbaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kwamba Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Waliotupita ni Shinyanga tu, kwa asilimia 59. Kitaifa ilikuwa asilimia 37, na utafiti wa 2022 ukakuta imeshuka hadi 29. Kwa hiyo jambo hili linabadilika, na mimi naamini linabadilishwa na watu waliokaa karibu na binti mwenyewe. Ndiyo maana nataka kusema na wanafunzi wenzangu: maoni yako yapeleke nyumbani kwanza, na uyapeleke ukiwa unaijua sheria.

Likizo moja tulikuwa bandani tunachambua tumbaku, majani ya daraja la juu huku, yaliyoungua kule, redio imewashwa juu ya gunia. Ikasomwa habari ya kijana aliyefungwa miaka 30 kwa kumpa mimba mwanafunzi wa sekondari. Nikasubiri nisikie watasema nini. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema, "Kajitakia mwenyewe. Angeshindwa nini kusubiri mtoto wa watu amalize shule?" Wengine wakaitikia. Hakuna aliyeuliza umri wa huyo binti.

Kauli ile imenifundisha kuliko semina nyingi. Wale si watu wabaya, na sheria wameisikia. Ila walichoelewa ni kwamba kosa ni kumgusa binti akiwa bado mwanafunzi. Akishatoka shule, hata kama ana miaka 15, njia ni nyeupe.

Cha kusikitisha ni kwamba sheria zetu zenyewe zinawapa nafasi ya kuelewa hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inaweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kinataka ridhaa ya baba kwa msichana ambaye hajafika 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: ukimuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au ukimpa mimba, ni miaka 30 jela. Mwaka huohuo mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alishinda kesi Mahakama Kuu, ambayo ilisema vifungu hivyo viwili vya ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Baada ya hapo tukaambiwa kwanza yanakusanywa maoni ya wananchi, miaka ikaenda.

Maoni yangu kuhusu hilo ni mafupi. Mahakama ya juu kabisa nchini ikishasema kifungu ni kibovu, hakuna cha kuwauliza tena wananchi. Kirekebishwe, 18 kwa wote.

Lakini binti wa Kaliua au Sikonge, wilaya za mkoa wetu, hawezi kusubiri Bunge, kwa hiyo lazima ujue ule mwanya wa binti aliyetoka shule unavyotumika. Mlango wake ni mtihani wa darasa la saba. Kuna mabinti wanaambiwa na wazazi wao wakajifelishe. Binti anaingia chumba cha mtihani Septemba, anasiliba herufi yoyote inayomjia, anatoka. Matokeo yakija, hayumo. Hakuna mwalimu wa kumfuatilia, hakuna rejista ya sekondari yenye jina lake, na ile miaka 30 haimtishi tena mtu yeyote. Nilisoma na msichana aliyekuwa akitufundisha hesabu za sehemu, sisi wote tukimzunguka chini ya mwembe. Matokeo yalipotoka jina lake halikuwepo. Walimu walishangaa. Sisi wenzake hatukushangaa, maana alishatuambia nyumbani kumeamuliwa nini. Msimu wa masoko ya tumbaku ulipofika akaolewa.

Ndiyo maana nafurahi sana kuona Sera ya Elimu iliyozinduliwa 2025 inasema elimu ya lazima iwe miaka 10, msingi miaka sita na sekondari ya chini minne, mtoto asichujwe njiani. Likitekelezwa kwa dhati, mwanya wa darasa la saba unazibwa, kwa sababu hakutakuwa na kufeli kunakomtoa mtoto kwenye rejista. Watu wanabishana kuhusu sera hii kwa habari ya ajira na lugha ya kufundishia, na ni sawa wabishane. Mimi naitazama kwa jicho la yule msichana wa sehemu.

Kwa sasa, kama una mdogo wako wa kike au binamu anayemaliza darasa la saba, simama naye kuanzia Septemba hadi Januari. Hiyo ndiyo miezi ya hatari kwetu. Mtihani umeisha, kidato cha kwanza hakijaanza, na shambani kazi ndiyo inapamba moto: miche inatoka kitaluni kwenda shambani na kila mkono unahitajika. Binti anaonekana mtu mzima ghafla. Washenga wanaanza kupita. Kabla ya mtihani, kaa naye umuulize moja kwa moja kama kuna mtu amemwambia asifanye vizuri. Usimuulize mbele ya watu. Muulize mkienda kisimani au mkiwa jikoni, na ukishamuuliza nyamaza, mwache aseme. Matokeo yakitoka, fuatilia shule aliyopangiwa, chukua fomu ya kujiunga, orodhesha mahitaji mapema. Ada haipo tangu 2016, lakini sare, madaftari, godoro na mchango wa chakula vipo, na binti wengi wanakwamia hapo hata kama mzazi hana nia mbaya.

Akishaanza, umbali ndio unaoharibu. Shule za kata zimetusaidia sana, ila kata zetu ni kubwa na nyumba zimetawanyika mashambani. Shule isiyo na bweni maana yake ni mambo mawili: atembee alfajiri porini, au apangiwe chumba karibu na shule. Vyumba hivyo nimeviona. Mkeka, ndoo, jiko la mkaa, kiroba cha unga kilichokuja na baiskeli ya baba, maharage kwenye kopo. Wiki mbili za kwanza mambo yanakwenda. Unga ukiisha na baba yuko shambani, hapo ndipo anatokea mtu wa kumnunulia chipsi, wa kumpa lifti siku ya mvua, wa kumwekea vocha. Halafu siku ya habari tunasema binti alikuwa na tamaa. Binti alikuwa na njaa. Hili nalisema kwa uchungu na sitaki kulipunguza makali.

Mzazi akipanga chumba, apange kwa mama mwenye nyumba anayefahamika, amkabidhi binti kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mashahidi, na chakula kiachwe kwa huyo mama. Unga upelekwe nusu nusu ili kuwe na sababu ya mtu wa nyumbani kufika kila baada ya wiki mbili. Kaka zangu mnaosoma mjini, nyie ndio mna baiskeli na nauli, safari hiyo iwe yenu. Na kama kijiji kinachangishana kujenga hosteli, hudhuria mkutano huo ukaseme. Nimeona hosteli inakwama kwenye lenta miaka na miaka wakati kila msimu watu wanapata fedha za malipo ya tumbaku.

Kuhusu mabinti kurudi shule baada ya kujifungua, najua wenzangu wengi hawakubaliani nami. Kuanzia 2017 msimamo wa nchi ulikuwa kwamba akipata mimba hasomi tena shule ya serikali. Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, na waraka ukatolewa. Hoja ya wanaopinga ni kwamba wengine wataiga. Mimi nimesoma darasa moja na aliyerudi. Aliamka saa kumi, akanyonyesha, akamwachia bibi yake mtoto, akatembea kuja shule, na saa nne matiti yanauma huku wavulana wa nyuma wanamwita mama fulani. Hakuna msichana aliyemwona akatamani kuiga. Tulichojifunza kwake ni jinsi mtu anavyoweza kuitaka shule.

Kama yuko darasani kwenu, kuna kazi yako hapo. Mwanafunzi mwenzako akimtania, mkatishe palepale, tena wewe mvulana ukimkatisha inasikika zaidi. Mwazime daftari la siku alizokosa kwa sababu mtoto anaumwa. Usimuulize baba wa mtoto ni nani. Na kama hawezi kurudi shule ileile kwa aibu au kwa malezi, mpeleke Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, waulizie masomo ya njia mbadala na mtihani wa QT, ule wa maarifa anaofanya mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Kidato cha nne kinapatikana kwa njia hiyo, na wengi vijijini hawajawahi kuambiwa.

Sasa jinsi ya kusema nyumbani. Hapa ndipo nimejifunza kwa muda mrefu, na ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo. Usianze na neno haki. Mzee akisikia mtoto aliyemsomesha kwa jasho la bani, banda la kukaushia tumbaku, anamwambia habari za haki, anachosikia ni dharau, na mazungumzo yameishia hapo. Shikamoo yako itangulie, kazi ufanye, ukae muda wa kutosha kabla ya kufungua mdomo.

Binti wa baba mdogo alipokaribia kuozwa, sikwenda kwa baba mdogo. Nilikwenda kwa bibi. Bibi aliolewa mdogo, na uchungu wa mimba yake ya kwanza ulichukua siku tatu, mtoto hakupona. Nilimwomba tu, "Bibi, utamweleza baba mdogo ulivyoniambia mimi?" Akamweleza, jioni, kwa Kinyamwezi, taratibu, na baba mdogo hakuwa na la kumjibu mama yake. Kisha baba yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema neno lake. Mwishoni alikuja mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, mtu ambaye baba mdogo anamheshimu kwa sababu ya mambo ya pembejeo, akamkumbusha kuhusu ile miaka 30, maana binti alikuwa tayari amepangiwa shule. Binti yuko sekondari sasa. Sheria ilikuja ya mwisho kwenye mazungumzo yale, ila ilibidi iwepo, na ilibidi mtu aijue vizuri.

Kwa hiyo tafuta mtu ambaye mwenye uamuzi hawezi kumkatalia. Inaweza kuwa shangazi, mjomba, shehe wenu, katekista, mwalimu mkuu wa zamani. Mama mzazi ni mshirika, lakini usimtume peke yake, maana yeye ndiye atakayebaki kulala nyumba ile mkigombana.

Na maneno ya ukoo yakishindikana, usiogope kuonekana msaliti. Mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, na dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, wote hao ni kazi yao. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, unapiga bure, na huhitaji kuwa ndugu ili upige. Toa taarifa kabla ya mahari kupokelewa. Ng'ombe wakishaingia zizini au fedha zikishalipa deni la mbolea, baba anakuwa na deni lingine la kurudisha, na kumuokoa binti kunakuwa kugumu mara mbili. Ukipiga, uwe na jina la kijiji na kitongoji, jina la shule na darasa la binti, na siku iliyopangwa kama unaijua.