Kamera Haionekani: Haionekani Kutoka Wapi?

Ninyi mnaoanza kazi ya kufunga na kurekebisha kamera za nyumbani, iwe Kampala, Entebbe, Jinja au Mbarara, mtapigiwa simu mara nyingi na mteja ambaye malalamiko yake yote yamo katika maneno mawili: kamera haionekani. Kabla ya kufunga safari, mwulize akiwa bado kwenye simu kwamba haionekani kutoka wapi. Je, haionekani hata akiwa sebuleni kwake, simu yake ikiwa imeungwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, au inaonekana vizuri akiwa nyumbani na kupotea anapofika kazini? Majibu haya mawili yanaelekeza kwenye kazi mbili tofauti. Ikiwa haionekani ndani ya nyumba, tatizo liko kati ya umeme, waya, kamera na ruta. Ikiwa inaonekana ndani lakini haionekani nje, kamera ni nzima, nawe huna sababu ya kupanda ngazi wala kuifungua.

Swali hilo lina mtego mmoja. Programu nyingi za simu, hasa za kamera ndogo za Wi-Fi zinazouzwa kwa bei nafuu, hupitia seva za mtengenezaji hata pale simu na kamera zilipo chumba kimoja. Kwa hiyo bando likiisha, mteja ataona kamera imekufa na kuapa kwamba haionekani popote. Kipimo cha kuaminika ni kutazama skrini iliyounganishwa na rekoda yenyewe, yaani kisanduku kinachohifadhi picha za kamera, au kuandika anwani ya IP ya kamera, yaani namba yake kwenye mtandao, kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule. Picha ikipatikana kwa njia hiyo, mtandao wa ndani uko salama, na hata kununua bando tu kunaweza kumaliza kazi.

Ikiwa haipatikani, anza na umeme, kwa kuwa huko ndiko hitilafu nyingi zinakojificha. Mtaona kamera inayofanya kazi mchana kutwa lakini giza likiingia huanza kuzimika na kuwaka, na fundi asiyejua ataishia kulaumu Wi-Fi. Kamera hiyo huwasha taa zake za infraredi usiku, na taa hizo huongeza sana mkondo inaouhitaji. Chukua mfano wa kamera ya volti 12 iliyo mbali na adapta kwa mita 30 za waya mwembamba wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo hesabu ni ya mita 60, na ukinzani wake ni kama omu 2.1. Ikiwa kamera inatumia ampea 0.3 mchana, inapoteza volti 0.6 tu njiani. Ikitumia ampea 0.8 usiku, inapoteza karibu volti 1.7, na kinachoifikia ni volti 10.3. Pima kwa multimita kwenye ncha ya kamera, usiku, taa zikiwa zimewaka, kwa sababu kipimo cha mchana kwenye adapta hakitakuambia lolote.

Kamera zinazopokea umeme kupitia kebo ya mtandao, yaani PoE, hazisumbuliwi sana na umbali kwa kuwa hutumia takriban volti 48, lakini nazo zina mipaka: kebo isizidi mita 100, na swichi ya mtandao ya kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila poti, yaani tundu la kebo, ambapo wati 12.95 ndizo zilizohakikishiwa kufika kwenye kamera. Kamera kubwa inayozunguka inaweza kuhitaji zaidi, na hapo utahitaji 802.3at, inayotoa hadi wati 30. Jihadharini pia na kebo za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kwaruza waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, usiutumie kwa PoE. Mimi huikataa kebo hiyo hata mteja akiwa ameshailipia, kwani atakayeitwa tena baada ya miezi michache ni mimi, na aliyemuuzia hatakuwepo.

Umeme unapokatika na kurudi, au Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, inapoisha na kujazwa tena, vifaa vyote huamka kwa pamoja lakini havimalizi kuamka kwa wakati mmoja. Kamera inaweza kuwa tayari huku ruta ingali inajipanga. Inaomba anwani, haipewi, na baadhi ya kamera hujipa anwani inayoanza na 169.254 au hurudi kwenye anwani ya kiwandani. Ukiona 169.254 popote, elewa kwamba kifaa kiliomba anwani na hakikujibiwa. Washa ruta kwanza, usubiri itulie, kisha swichi na rekoda, na kamera mwishoni. Ruta ikiwekewa betri ndogo ya akiba ya volti 12, baada ya kuhakikisha kwamba adapta yake nayo ni ya volti 12, usumbufu huu hupungua sana.

Kuhusu Wi-Fi nitasema machache. Kamera nyingi za nyumbani hutumia gigahezi 2.4 peke yake, hivyo ruta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 tu, au iliyofungiwa usalama wa WPA3 pekee, haitaungana nazo. Chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu ndizo zisizoingiliana. Kama nyumba ina mtandao wa wageni, hakikisha kamera na simu haziko pande mbili tofauti, maana mtandao huo hutengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Na pale inapowezekana, vuta kebo. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoshinda kuta tatu za matofali na mlango wa chuma.

Sasa tufike kwenye anwani, ambako ndiko mafundi wapya huteseka zaidi. Mteja amebadilisha mtoa huduma, amefungiwa ruta mpya, na tangu siku hiyo kamera zote nane hazionekani. Hakuna kilichoharibika. Ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, na kamera zilipewa anwani za kudumu katika kundi hilo. Ruta mpya imekuja na 192.168.100.1, na kamera zimebaki kwenye mtaa uliokwisha kuhamwa. Unaweza kupanga upya kamera moja baada ya nyingine, lakini njia fupi ni kuingia kwenye ruta mpya na kubadilisha anwani yake ya ndani iwe ileile ya zamani. Kazi ya mchana mzima hugeuka kuwa ya dakika chache. Ikiwa mtoa huduma amefunga mpangilio huo, weka kompyuta yako anwani ya muda katika kundi la zamani, kwa mfano 192.168.1.50, uifikie kila kamera na kuihamisha. Kamera mpya au zilizofutwa mipangilio mara nyingi utazikuta kwenye anwani ya kiwandani: za Hikvision kwa kawaida ni 192.168.1.64 na za Dahua ni 192.168.1.108. Kumbuka pia kwamba kamera zilizochomekwa moja kwa moja nyuma ya rekoda yenye poti za PoE huwa kwenye mtandao wao wa ndani, hivyo usishangae usipoziona kwenye orodha ya ruta.

Kamera mbili zinazopokezana kupotea, moja ikionekana nyingine haipo, karibu kila mara zina anwani moja. Chomoa mojawapo, kisha jaribu kuifikia anwani yake kwa amri ya ping, inayouliza kama anwani inajibu. Kama bado inajibiwa, kuna kifaa kingine kinachoitumia. Tiba ni kutenga anwani za kamera nje ya zile ambazo ruta inazigawa yenyewe, au kuifungia kila kamera anwani yake ndani ya ruta kwa kutumia namba yake ya MAC, ambayo hupewa kiwandani.

Upande wa nje una ugumu wake. Fungua ukurasa wa hali wa ruta, usome anwani ya WAN, yaani ya upande wake wa nje, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua IP yako. Zikilingana, ruta ina anwani ya umma, inayojulikana kwenye intaneti yote. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine mbele yako. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko kwenye fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na ikianza na 10 kwenye ruta ya laini ya simu, mara nyingi maana ni ileile. Hapo unaweza kufungua poti zote za ruta, yaani milango yake ya kupokea miunganisho ya nje, hadi alfajiri bila mafanikio, kwa sababu mlango uliofungwa si wako. Ikianza na 192.168, tazama kama mteja ana ruta yake mwenyewe nyuma ya kisanduku cha mtoa huduma. Kigeuze kimojawapo kiwe daraja tu, yaani kipitishe mtandao bila kugawa anwani. Kwa wateja wengine wote walio nyuma ya anwani ya pamoja, tumia huduma ya P2P ya mtengenezaji, inayokutanisha simu na kamera kupitia seva zake, au VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, inayoanzishwa kutoka ndani ya nyumba.

Unapojaribu muunganisho wa nje, zima Wi-Fi ya simu na utumie data. Ruta nyingi hazimrudishi ndani aliye ndani anayejaribu kupitia anwani ya nje, na wapo waliobomoa mpangilio uliokuwa sahihi kwa kutolijua jambo hili.

Mweleze mteja gharama mapema. Kamera moja inayorusha megabiti 4 kwa sekunde mfululizo hutumia takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kwa hiyo rekodi ibaki nyumbani kwenye diski, na mkondo mdogo wa picha hafifu ndio utumike kwenye simu. Picha ikigandaganda nje tu, pima kasi ya kupandisha; watu huwa wanatazama kasi ya kupakua, ambayo haiisaidii kamera chochote.

Msifungue poti za kamera moja kwa moja kwenye intaneti, hata mteja akisisitiza. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, rekoda na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani zake, tovuti kubwa za Marekani zikazimika kwa saa kadhaa. Badilisheni nywila ya kamera, ya rekoda na ya ruta, zimeni UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe, na sasisheni programu za ndani za vifaa. Kamera isitazame ua wa jirani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mwenye nyumba anapaswa kuijua.

Mwisho kagueni saa ya rekoda, ambayo mara nyingi hutoka kiwandani ikifuata saa za China, yaani saa tano mbele ya zetu. Ukanda wetu ni UTC+3. Askari wa getini akisema mwizi alipita saa nane usiku, tafuta picha za 02:00, na kama saa haikuwahi kurekebishwa, tafuta 07:00. Toa nakala ya picha hizo kwanza kabla ya kuigusa saa, kwa sababu ukiirudisha nyuma, rekodi mpya zitabeba saa zilezile za rekodi za zamani, na rekoda nyingine huzivuruga au kuzifuta.