Kiwanja cha watoto Dar msimu wa joto: anza na kivuli, bembea zitafuata

Mleta mada ana watoto wawili, wa miaka 2 na miaka 6. Wanakaa Tabata, bajeti ni ndogo, na anauliza awapeleke wapi Jumamosi za Januari bila kurudi nao wakiwa hoi. Wengi mmemtajia majina ya viwanja. Majina yanasaidia, ila kiwanja kilichopoa saa 1 asubuhi huwa tanuri saa 8 mchana. Kwa hiyo natanguliza namna ya kukikagua, kisha nitarudi kwenye majina.

Dada, kwanza panga saa. Januari jua la Dar hufika juu kabisa karibu saa 6 na nusu mchana, si saa 6 kamili. Kipimo chake hakihitaji simu: simama mahali pa wazi uangalie kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, hilo jua ni kali mno kwa ngozi ya mtoto. Mwezi huu hali hiyo huanza kama saa 3 na nusu asubuhi na kwisha kama saa 9 na nusu alasiri. Unabaki na nafasi mbili: saa 1 hadi saa 3 na nusu asubuhi, na saa 10 jioni hadi jua linapozama, karibu saa 12 na dakika 45. Kwa mtoto wa miaka 2 ningechagua asubuhi bila kusita, maana zege, lami na kuta zimepoa usiku kucha. Jioni vitu hivyo bado vinatema joto vilivyolinyonya mchana, na kiwanja kilichobanwa kati ya ukuta na maegesho ya magari hubaki na fukuto hata jua likiwa limelala. Ukienda jioni, tafuta mahali upepo wa bahari unapopita. Uzio wa nondo au wavu unaupitisha; ukuta wa tofali unauzuia.

Sasa kivuli, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona paa la turubai juu ya bembea wanaridhika. Saa 10 jioni jua haliko juu ya paa, limeinama magharibi na linapenya chini yake. Kivuli cha jioni hutoka kwenye mti mkubwa au jengo lililo upande wa magharibi wa bembea. Cha asubuhi hutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo ukikagua kiwanja, jua kwanza magharibi ni wapi, halafu uulize miti iko upande gani. Tena kikague saa ileile unayokusudia kwenda. Kukikagua saa 6 mchana hakukuambii chochote kuhusu saa 10.

Miti nayo haifanani. Mwembe, mkungu na mwarobaini mkubwa ni kivuli kizito cha kweli. Mvinje wa ufukweni unachuja jua tu, na mtoto ataungua taratibu bila wewe kugundua. Ile miti mirefu iliyosimama kama nguzo, inayopandwa kandokando ya kuta, ni pambo. Kivuli chake hakitoshi mkeka. Chini ya mnazi usitandike kabisa, kwa sababu nazi au kuti kavu likidondoka halichagui kichwa. Na mwembe msimu huu una jambo lake: maembe yaliyoiva yakianguka na kupasuka huita nzi na nyigu, basi fagia kabla ya kukaa.

Halafu gusa vifaa. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya bembea ya kuserereka na uhesabu hadi tano polepole. Ukishindwa kufika tano, mtoto hapandi. Bati lililokaa juani ndilo baya kuliko vyote, lakini plastiki haina msamaha pia. Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani, CPSC, imewahi kueleza mtoto aliyeungua kwenye kifaa cha plastiki siku ambayo hewa ilikuwa na nyuzi 23 tu. Januari sisi tunacheza kwenye nyuzi 30 na zaidi. Tume hiyohiyo inasema walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 2 kushuka chini, kwa kuwa ngozi yao ni laini na mtoto huyo akiguswa na joto huganda palepale akilia badala ya kujiondoa. Gusa pia viti vyeusi vya mpira, vichwa vya boliti, minyororo na sakafu yenyewe. Mpira mweusi na nyasi bandia hushika joto kuliko mchanga mweupe. Ndiyo maana viatu havivuliwi mpaka uguse chini kwa mkono. Kumwaga ndoo ya maji juu ya bati kunapoza kwa dakika chache tu, kisha joto linarudi. Usiutegemee ujanja huo.

Sakafu ndiyo inayoamua kama mtoto akianguka atalia kidogo au atapelekwa kufungwa plasta ya mfupa uliovunjika. Zege, vigae na udongo ulioshindiliwa havifai chini ya kifaa chochote cha kupanda, hata kiwe kifupi. Mchanga unafaa ukiwa wa kina: kwa vipimo vya CPSC, sentimita 23 za mchanga zinakinga mwanguko wa kama mita 1.2. Ukikuta jukwaa la kuserereka limeinuka mita 2 juu ya mchanga, mchanga huo hauutoshi urefu huo. Kupima ni rahisi: chomeka kijiti mpaka kigonge pagumu, kisha ukipime kwa kiganja. Pima chini ya bembea na mwisho wa bembea ya kuserereka, maana hapo ndipo miguu huufukua mchanga ukabaki udongo mtupu, wakati pembeni umejaa. Dawa yake ni reki ya dakika tano na mlinzi akiombwa vizuri huifanya. Mchanga uenee angalau mita 1.8 kila upande wa kifaa, na hapo pasiwe na benchi, kisiki wala ukingo wa saruji.

Paka huufanya mchanga mkavu choo chao. Kinyesi cha paka na mbwa huacha minyoo ambayo mabuu yake hupenya kwenye ngozi ya mguu au tako na kuchora mstari mwekundu unaowasha, unaosogea siku hadi siku. Ukiona vifusi vidogo vya mchanga vilivyokusanywa na harufu ipo, mkalishe mtoto kwenye khanga au mkeka, au hamia kwingine. Mstari huo ukitokea mpeleke kituo cha afya, dawa yake ipo. Usichokonoe kwa sindano kama funza wa kawaida.

Kutu hapa kwetu ni adui wa kudumu, hasa viwanja vilivyo karibu na bahari. Rangi mpya haisemi kitu. Inama uangalie nguzo pale inapoingia ardhini, maana kutu hula hapo kwanza kwa sababu ya unyevu, na nguzo inaweza kung'aa juu huku chini imebaki ganda. Isukume kwa mikono miwili, ikicheza, ondoka. Juu, tazama kulabu inayoshika mnyororo wa bembea. Mdomo wake ukiwa umefunguka kiasi cha kupitisha kitu kinene kuliko kadi ya benki, unaweza kunasa nguo au kuachia mnyororo. Pete ya mnyororo iliyosagika hadi nusu ya unene wake imekwisha kazi. Plastiki iliyofifia na kutoa unga mweupe ukiisugua imeshachomwa na jua. Hiyo hupasuka ghafla na ufa wake hubana vidole.

Matairi yaliyozikwa nusu kwa ajili ya kurukia ni ya kawaida sana mitaani, na ninayapenda, yana bei nafuu na hayavunji meno. Ila tairi lisilotobolewa hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo makazi ya mbu wa dengue. Mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni, yaani saa zilezile tulizozichagua. Dar imeshapata milipuko ya dengue, wa 2014 na wa 2019 wengi wanaukumbuka. Ingiza mkono ndani ya tairi. Kukiwa na maji, yamwage na umwambie mwenye kiwanja atoboe matundu upande wa chini. Mpake mtoto dawa ya kufukuza mbu miguuni kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna mambo mawili ya mwili ambayo watu hawayajui. La kwanza ni upenyo: nafasi kati ya nondo au ngazi inayozidi sentimita 9 na kupungua 23 ni mtego, kwa kuwa mwili wa mtoto unapita na kichwa kinakwama. Ngumi ya mtu mzima ni kipimo cha haraka. Ikipita na kichwa cha mtoto hakipiti, hapo usimwache peke yake. La pili, usiserereke na mtoto wa miaka 2 mapajani. Inaonekana ni upendo na tahadhari, lakini kiatu chake kikigusa ukingo mguu unabaki nyuma, na uzito wako unausukuma mpaka mfupa wa muundi unavunjika. Akiwa peke yake uzito wake mdogo hausababishi hivyo. Kama kimo kinamzidi, hicho si chake bado. Mtandio, kamba ya kofia na mkufu vivuliwe kabla ya kupanda. Kwa binti anayetoka madrasa, hijabu ya kuvaa iliyoshonwa bila pini ni salama kuliko mtandio wa kuzungusha.

Yale majumba ya hewa ya kurukia yanayokodishwa wikiendi: angalia kama kila kamba imefungwa kwenye kigingi kilichozama ardhini. Kigingi cha mchangani hakishiki kama cha udongo, na viwango vya Ulaya vinataka jumba lishushwe pale upepo wa nje unapozidi kilomita 38 kwa saa. Miti midogo ikianza kuyumba, mtoe mtoto. Ndani yake pia huwa na joto kuliko nje, dakika 10 zinatosha.

Haya, majina. Mnazi Mmoja ni rahisi kwako kwa daladala za kuelekea Kariakoo na kuna miti, ila barabara zimeizunguka, basi mtoto wa miaka 2 ashikwe mkono muda wote, na uulize kwanza kama siku hiyo hakuna shughuli ya umma. Bustani ya Mimea, Samora, karibu na Makumbusho ya Taifa, ina miti ya tangu enzi za Wajerumani. Ifuate kwa ajili ya kivuli hicho, beba mpira na kamba ya kuruka. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kina kiingilio, lakini mtoto wa miaka 6 ataingia na kutoka kwenye nyumba za asili za makabila mbalimbali bila kuchoka, na miti ipo. Viwanja vya mpira kama Biafra, Mwembe Yanga au Zakhem ni vya asubuhi tu. Ni peupe, na hapo mwangalie bodaboda anayekata njia katikati zaidi ya unavyouangalia mpira.

Coco Beach wengi mmeitaja. Ni nzuri na haina kiingilio, mihogo ipo, lakini angalia mwezi kabla ya kupanda gari. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa kupita kawaida, na maji huwa yamejaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, saa ileile familia zinapofika. Mchanga unabaki ukanda mwembamba na mawimbi yanapiga kwenye miamba. Wiki ya maji mafu, bahari isipojaa sana, ndiyo ya watoto wadogo. Na baada ya mvua kubwa, acha ufukwe na viwanja vya bonde la Msimbazi kwa siku kadhaa, maana mafuriko hubeba maji ya vyoo.

Kwenye mfuko: nusu lita ya maji kwa mtoto kwa kila saa, anywe kidogo kidogo kila dakika 20 bila kungoja aombe. Dafu linalokatwa mbele yako ni salama kuliko juisi ya barafu usiyojua maji yake. Beba sabuni, maana choo kikiwepo sabuni mara nyingi haipo, na pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Kama kuna mtoto mwenye ualbino kwenye familia, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si hiari, hata kivulini. Mafuta ya Kilisun ya Moshi yametengenezwa kwa ajili yao, ulizia kwenye kliniki ya ngozi.

Mtoto akianza kulalamika kichwa, akatapika au akawa mlegevu, mwingize kivulini, mvue, mmwagie maji na umpepee. Akichanganyikiwa, akiacha kujibu au ngozi ikiwa ya moto sana, mpeleke hospitali mara moja huku mkiendelea kummwagia maji njiani.